Rangi Juu ya Mawese

Kazi nyingi huharibikia pale ambapo jicho la mteja halifiki. Kisa hiki ni cha fundi kijana wa Katubuka, mjini Kigoma, aliyejaliwa mikono mizuri na jicho la vipimo, kisha akaangushwa na utando wa mafuta mwembamba kuliko karatasi. Nakisimulia kwa vijana wote wanaoshika bati, mbao, tofali au cherehani, na kwa wazazi wanaowapeleka watoto wao kwa mafundi wakajifunze kazi. Jina lake tuliache. Yaliyompata yanaweza kumpata yeyote mwenye kipaji na haraka.

Alikulia Katubuka, upande wa uwanja wa ndege. Kama watoto wengi wa rika lake, alianza na magari ya waya: fremu ya waya, tairi za ndala zilizokatika, na usukani wa fimbo ndefu unaomwezesha mtoto kuliongoza gari huku akikimbia nyuma yake. Wenzake walipoyaacha magari hayo na kuhamia kwenye mpira, yeye aliendelea. Akatoka kwenye waya akaingia kwenye bati. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa tayari anauza malori yenye turubai, mabasi yenye kereya, hata Land Rover zenye milango inayofunguka. Aliyapanga juu ya meza kando ya barabara, na hayakulala sana mezani.

Siku moja akapita mzee mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana bandarini. Ujanani aliwahi kuwa na Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo, na sasa alibaki na picha tu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Malori yako nimeyaona. Hii unaiweza?” Akamwonyesha picha. “Iwe kama yenyewe. Wajukuu zangu wanakuja Desemba shule zikifungwa. Nataka waone babu yao aliendesha nini.”

Akatoa kianzio cha nusu ya bei hapo hapo. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, na muda ulikuwapo wa kutosha.

Mzee hakuwa na mapenzi ya bure. Volkswagen ya aina hiyo ilianza kuundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Hapa Afrika Mashariki ilijipatia jina katika mashindano ya magari ya Safari, ambako ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo madereva walipambana na vumbi asubuhi na matope jioni. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta, kwa hiyo hakukuwa na maji ya kuchemka njiani. Kwa mtu anayeishi mikoa ya mbali na maduka ya vipuri, gari kama hilo lilikuwa mwenzi wa kutegemewa, na waliowahi kulimiliki hawalisahau.

Kijana aliipokea kazi kwa heshima iliyostahili, na hapa lazima tumpe haki yake. Aliuliza kila gereji hadi akapata bodi kuukuu ya Volkswagen iliyotelekezwa nyuma ya moja yao, akaenda na futi, daftari na penseli. Akapima urefu, akapata sentimita 407. Upana 154. Kimo 150. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, 240. Akaamua kutumia kipimo cha moja kwa kumi, kwa sababu hesabu yake haina ugomvi: gari lake lingekuwa na urefu wa sentimita 40.7, upana 15.4, kimo 15, na nafasi ya magurudumu 24. Tairi, ambayo kwa gari lenyewe ina kipenyo cha kama sentimita 65, aliikata kwenye soli ya ndala kwa sentimita sita na nusu. Hakukadiria kitu. Mafundi wengi wa magari ya bati hukosea hapo: magurudumu huwa makubwa kupita kiasi, au dirisha hupanda mno, na jicho la mtazamaji huona kasoro hata kama mdomo hauwezi kuitaja.

Kisha akafika kwenye jambo gumu la gari hili, nalo ni mviringo wake. Bati bapa hukubali kupinda kwa upande mmoja. Ukilikunja liwe bomba, linakwenda. Ukitaka lipinde kwa urefu na kwa upana kwa pamoja, kama paa, boneti na madigadi ya Volkswagen yanavyotaka, linafanya mikunjo na mwisho hupasuka. Dawa ni kuligonga mpaka litanuke. Kijana alichimba kishimo katika gogo, akalaza bati juu yake, akaanza kuligonga kwa nyundo ya mbao kuanzia ukingoni akizunguka kuelekea katikati, pigo dogo dogo, kila pigo karibu na lililotangulia. Digadi moja lilimchukua siku nzima. Kati ya yale manne aliyoyafanya kwanza, mawili aliyatupa. Paa alilirudia mara tatu. Mikono ya namna hiyo haifundishwi kwa wiki moja, na mtu aliyeiona bodi hiyo kabla haijapakwa rangi angesema kijana atafika mbali.

Sasa tulitazame bati lenyewe, maana humo ndimo adui alimoingia. Alilinunua soko la Mwanga: madebe mawili yaliyowahi kubeba mawese. Kigoma ni nchi ya michikichi, na debe la namna hiyo hupatikana kwa bei ya chini. Aliyakata, akayanyoosha, akayafuta kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikatoka na rangi ya chungwa. Akafuta tena, kikatoka na rangi hafifu. Akafuta mara ya tatu, akaona hakuna rangi inayoonekana, akakitupa kitambaa na kuanza kazi.

Mawese yaliyokwisha kufutwa hayaonekani kwa macho, lakini yapo. Hujificha kwenye mikunjo ya debe, kwenye maungio yake ya zamani, na juu ya uso mzima wa bati kama utando usio na rangi. Rangi haishiki juu ya mafuta. Inalala juu yake tu, ikisubiri sababu ya kuondoka.

Adui wa pili aliingia kwenye kulehemu. Ili lehemu ishike, bati hupakwa asidi inayokula kutu na uchafu. Asidi hiyo hufanya kazi yake vizuri, lakini haiachi kula kwa sababu fundi amemaliza. Isipooshwa, huendelea kulila bati taratibu. Debe ni chuma kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la bati jeupe. Pale lilipokatwa kwa mkasi, lilipogongwa sana au lilipopitishwa msasa, chuma hubaki uchi na hushika kutu upesi, hasa katika mji ulio kando ya ziwa mvua zinapoanza. Kijana alilehemu paa kwenye nguzo zake nne ndogo za madirisha, akapangusa asidi kwa kidole, akaendelea.

Wiki ya tatu ya Novemba bodi ilikuwa imekamilika. Bampa za bati la kopo la soda, vioo vya plastiki ya chupa ya maji, milango yenye bawaba za waya. Jirani mmoja akalipiga picha kwa simu. Jioni picha ilikuwa imefika kwenye simu za watu wengi mtaani, na kesho yake watu watatu walikuja kuuliza bei. Sifa zilimfikia kabla kazi haijaisha. Tangu saa hiyo hakulitazama tena gari la mzee kama kazi iliyo mikononi. Alilitazama kama kitu kinachomchelewesha kuanza mengine matatu.

Hivyo hakununua praima. Alifungua kopo la rangi ya mafuta, bluu iliyopauka kama mzee alivyoeleza, akaipaka moja kwa moja juu ya bati. Dakika chache baadaye rangi ilianza kukimbia. Juu ya paa na kwenye boneti vilitokea vijiduara vitupu, kila kimoja kikiwa na ukingo mnene na katikati bati linang’aa. Kila fundi rangi anajua maana ya dalili hiyo: chini kuna mafuta. Bati lilikuwa linamwambia ukweli, na lilimwambia mapema, wakati kitambaa chenye tina kingetosha kuifuta rangi yote na kuanza upya bila hasara.

Yeye aliamua kuvifunika. Saa tatu baadaye, rangi ya kwanza ikiwa imekauka kwa juu tu, akaenda kuomba kwa rafiki yake mpiga rangi magari mabaki ya rangi ile inayokauka upesi, iliyochanganywa na tina kali. Akaipiga juu. Tina kali iliingia kwenye rangi ya mafuta iliyokuwa bado mbichi, ikailainisha, ikaivimbisha, na bodi nzima ikakunjamana kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Hapo pia palikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Badala yake aliacha pakauke, akapitisha msasa juu juu, akasiliba puti kwenye mikunjo, akapiga rangi ya tatu.

Mvua ikaanza. Hewa ikawa nzito na rangi ikagoma kukauka. Akalihamishia gari chumbani, akawasha jiko la mkaa, akaliweka gari karibu nalo juu ya tofali. Lehemu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, na moto wa mkaa unazidi hapo mbali sana. Nguzo ya nyuma upande wa kushoto ikalegea, paa likainama kwa upana wa ukucha. Akalinyanyua, akalishikilia likapoa, akajaza ufa kwa puti, akaupaka rangi. Kopo la tina lilikuwa hatua chache kutoka kwenye jiko hilo, na mlango ulikuwa umefungwa kuzuia vumbi. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka unakutana na moto. Mungu alimwepusha na kubwa zaidi, na nyumba nyingine haziepushwi.

Siku aliyolipeleka, gari lilikuwa linang’aa. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akamalizia malipo yaliyobaki, akaliweka sebuleni juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Wajukuu walifika kwa treni kutoka Dar es Salaam, wakalizunguka, wakauliza maswali ambayo babu alikuwa ameyasubiri kwa miaka. Kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na furaha.

Kisha rangi ikaanza kusema. Kwanza yalitokea malengelenge kwenye boneti. Halafu mistari ya kutu ikachora kila mahali palipolehemiwa, ikipenya kutoka chini. Kabla ya mwaka mpya, mjukuu mdogo alilinyanyua gari kwa kushika paa, kama mtoto yeyote angefanya. Nguzo ya kushoto ilikatika kwenye puti, paa likabaki mkononi mwake, na magamba ya bluu yakamwagika juu ya kitambaa cheupe. Mama yake alimkuta na gamba moja mdomoni.

Hapa nisimame kidogo. Rangi nyingine, hasa za zamani na zile zisizoeleza kilichomo, huwa na madini ya risasi, na lehemu nyingi huwa nayo pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Anayetengeneza kitu kitakachoshikwa na mtoto ana wajibu wa kusoma maandishi ya kopo, kuuliza dukani rangi na lehemu zisizo na risasi, na kukataa rangi ambayo muuzaji hawezi kueleza imetoka wapi. Rangi inayobanduka si aibu ya fundi peke yake. Inaweza kuwa sumu kinywani mwa mtu asiyejua kusoma.

Mzee alimwita kijana. Hakumfokea. Aliweka vipande mezani, akamwambia aubandue utando wa rangi kwa ukucha wake mwenyewe. Ulitoka kipande kizima, laini kwa upande wa chini. “Nusa,” akamwambia. Kijana akanusa, na baada ya tabaka tatu za rangi na puti juu yake, mawese yalikuwa bado yananukia.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” mzee alisema. “Ulijua lini kwamba chini kuna mafuta?”

“Siku ya kwanza, babu.”

“Basi ya pili na ya tatu ulikuwa unapaka nini?”

Kijana hakuwa na jibu. Mzee akamweleza habari ambayo kila aliyefanya kazi bandarini Kigoma ameisikia. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku kwa maelfu, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Ikaunganishwa upya hapa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaukimbia mji, waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mainjinia wake walizipaka injini girisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo ya Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi iliyofuata.

“Wale walikuwa wameshindwa vita,” mzee alisema. “Hawakuwa na mteja, hawakuwa na wa kuwasifu, na meli ilikuwa inakwenda chini ya maji. Wakapaka girisi mahali ambapo hakuna mtu angeona. Girisi iliokoa injini, mawese yameua rangi yako. Mafuta hayana kosa, mwanangu. Kosa ni kujua yapo mahali yasipotakiwa, ukanyamaza.”

Kijana aliomba radhi, akalibeba gari lake akarudi nalo Katubuka. Safari hii aliifanya kazi kwa utaratibu unaotakiwa, nami nauandika hapa kwa ukamilifu kwa sababu unafaa kwa gari la mfano, kwa geti la chuma, na hata kwa bodi ya gari lenyewe.

Kwanza, alikwangua kila kitu mpaka kwenye bati, nje ya nyumba, akiwa amefunga kitambaa puani, na alitumia msasa wa maji ili vumbi la rangi lisiruke. Aliikusanya takataka yote akaitupa mbali na watoto na kuku. Nguzo zote nne alizifungua na kuzisafisha.

Pili, aliondoa mafuta kwa njia ambayo akina mama wa Kigoma wanaijua kuliko mafundi. Wanaotengeneza sabuni ya mawese huyakutanisha mafuta na magadi makali, na mafuta hugeuka kuwa sabuni. Bati linahitaji jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Aliloweka vipande kwenye maji ya moto yenye magadi, akavisugua kwa brashi kwenye kila kona, akasuuza kwa maji mengi. Mawese ambayo kitambaa kilishindwa kuyaondoa yaligeuka povu yakaondoka. Magadi yale yale huizima asidi ya kulehemea, kwa hiyo baada ya kulehemu upya alirudia kuosha maungio kabla kutu haijapata nafasi.

Tatu, alipima usafi kwa maji, na hiki ndicho kipimo ninachotamani kila fundi akishike. Mimina maji safi juu ya bati lililosimama mshazari. Kama lina mafuta, maji hukatika, hukusanyika vidonge, huacha sehemu kavu. Kama ni safi kweli, maji huenea yote kwa utando mmoja usiokatika. Mara ya kwanza maji yalikatika kwenye ukingo wa boneti, karibu na ungio la zamani la debe. Alirudi kwenye magadi. Mara ya pili yakaenea. Tangu hapo hakuligusa bati kwa vidole vitupu, maana hata mkono una mafuta yake. Akalikausha saa hiyo hiyo kwa kitambaa safi na jua.

Nne, alipitisha msasa laini ili bati lipate mikwaruzo midogo ya kushikilia rangi, akafuta vumbi, akapiga praima nyembamba, akaiacha ilale usiku kucha. Puti aliitia baada ya praima, na kidogo tu, kwenye mabonde ambayo nyundo iliacha. Puti nene hunywea ikikauka, hupasuka, na haiwezi kubeba uzito wowote. Kazi yake ni kusawazisha uso, haijawahi kuwa kiungo. Ufa wa nguzo huzibwa kwa lehemu.

Tano, alichagua jamii moja ya rangi akabaki nayo kuanzia praima mpaka mwisho. Rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu ya rangi inayokauka upesi ikiwa imekauka sawasawa, lakini ukigeuza, tina kali itaikunja iliyo chini. Alipiga tabaka tatu nyembamba mahali palipotaka moja nene, na kila moja aliipa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwa kuwa yalikuwa majira ya mvua, alipaka asubuhi umande ukiwa umekauka na mbingu iko wazi, kisha akalifunika gari kwa boksi lililoinuliwa juu ya vijiti, ili hewa ipite na vumbi lisiingie. Rangi inayokauka upesi ikipigwa hewa ikiwa na unyevu mwingi, hupoza uso inapokauka, unyevu huganda juu yake na kuacha ukungu mweupe. Siku ya mawingu mazito hakupaka kabisa, na jiko halikuwashwa karibu na kazi tena.

Gari lilikamilika Februari. Sasa unaweza kulinyanyua kwa paa na lisitikisike, unaweza kulikwaruza kwa ukucha na rangi isitoke. Mzee alilipokea, akalitazama kwa muda mrefu, akaridhika. Lakini wajukuu walikuwa wamekwisha kurudi Dar es Salaam, shule zilifunguliwa Januari, na gari walilolishika wao ni lile lililobomoka mikononi. Kijana alifanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja. Wateja watatu wa ile picha walikwisha kusikia habari za magamba, na hakurudi hata mmoja. Mtu hupata nafasi ya kurudia kazi; hapati nafasi ya kurudia siku ambayo kazi hiyo ilitakiwa.

Wapo watakaosema hilo ni gari la kuchezea tu. Nenda Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, ukaangalie mitumbwi inayokwenda usiku kuvua dagaa na migebuka. Fundi anayesiliba rangi juu ya ubao uliooza au kalafati iliyolegea anafanya kosa lile lile la Katubuka, ila malipo yake hulipwa katikati ya ziwa na watu wasiojua kuogelea, kukiwa na upepo mkali. Anayepiga lipu juu ya ukuta wenye ufa anafanya kosa hilo. Mhasibu anayefunika pengo la fedha kwa hesabu nyingine anafanya kosa hilo. Tofauti iko kwenye ukubwa wa anguko.

Nawaomba mafundi wakubwa wawafundishe vijana hatua za chini kabla ya zile za kung’aa. Mwanafunzi apewe madebe ya kuosha kabla ya kupewa brashi ya rangi, na asipandishwe mpaka maji yake yaenee. Nawaomba wateja nao waache kulipa kwa macho: uliza bati limeoshwaje, uliza praima gani imetumika, uliza rangi imelala siku ngapi, na umpe fundi muda anaouomba. Mteja anayedai kazi ya wiki mbili kwa siku mbili anainunua haraka hiyo kwa fedha yake mwenyewe.

Na wewe kijana uliyeshika nyundo na bati leo, mikono yako ina thamani, usiiuze kwa tabaka la rangi. Kabla hujafungua kopo, mimina maji juu ya kazi yako. Yakikatika vidonge, lifunge kopo, urudi ukaoshe.